Njaa ya Lugha ya Kwetu

Mume wangu aliondoka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rodesia baada ya mavuno ya ulezi, tukiwa bado hatujajaliwa mtoto. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka ile iliyofuata vita kubwa ya pili, na vijana wengi wa Ruanda, kijiji chetu cha Wanyiha, walikuwa wakivuka mpaka pale Tunduma kwenda kutafuta kazi. Mimi na mama yake tulimsindikiza hadi barabarani. Alikuwa amevaa koti la mjomba wake, limempwaya mabegani, na kila mara alilivuta mbele kama mtu anayesikia baridi.

"Mavuno mawili tu," aliniambia. "Ukiona nimechelewa, ujue niko njiani."

Lori lilipokuja alipanda juu ya magunia, akapunga mkono mpaka vumbi likamficha. Mama mkwe hakulia. Tulipoanza kurudi aliniuliza kama nilikumbuka kufunika maziwa, kwa sababu paka wa jirani alikuwa ameanza mazoea. Nilimwona mtu mgumu sana siku ile, nikatembea nyuma yake njia nzima ili asione uso wangu.

Mimi si mzaliwa wa Ruanda. Nilizaliwa Ikinga, kwenye milima ya Wandali, ambako ukisimama mlangoni unamwona jirani mmoja chini ya miguu yako na mwingine juu ya kichwa chako, na wote mnaweza kuzungumza bila mtu kutoka nje ya ua wake. Mume wangu alisoma shule ya misheni pamoja na kaka yangu, ndivyo alivyofika kwetu. Aliponioa nikaja kuishi kwenye nchi tambarare ya Wanyiha, ambako nyumba ziko mbali mbali na mtu akitaka kuzungumza nawe lazima akufuate. Alipokuwapo yeye sikuona taabu. Alijua Kindali kidogo, alichojifunza kwa kaka yangu, na kwa hicho kidogo tulicheka, tuligombana na tulipatana. Alipoondoka, aliondoka nacho.

Wanawake wa pale hawakuwa wabaya. Walinisalimu, walinipa mbegu za maboga, walinifundisha kulima kwa namna yao. Lakini Kinyiha na Kindali ni kama watoto wa baba mmoja waliolelewa nyumba tofauti: wanafanana sura, ila siri hawaambiani. Nilielewa walichosema kisimani. Sikuelewa kwa nini kilichekesha. Kanisani tulitumia Kiswahili, nacho kwangu kilikuwa kama nguo ya Jumapili, safi na ya heshima, lakini huwezi kuivaa ukalimia. Nilipokuwa na uchungu nilisali kwa Kindali, peke yangu shambani, kisha nikanyamaza kidogo kana kwamba kuna mtu atanijibu kwa lugha hiyohiyo. Siku nyingine nilizungumza na kuku.

Mwanzoni salamu zilikuja. Wanaume waliorudi kutoka migodini walipitia nyumbani wakiwa na viatu vyao vipya na maneno ya Kibemba mdomoni, wakasema, "Mzima kabisa, anawasalimu, anasema mvumilie." Mmoja alituletea blanketi jekundu kutoka kwa mume wangu. Baadaye zikaja salamu bila blanketi. Baadaye tena, wale waliorudi walikuwa wakifika, wanaomba maji, wanakunywa wakitazama chini, wanasema wao walikuwa mgodi mwingine.

Mavuno mawili yakapita, na ya tatu.

Mama mkwe alikuwa mjane, mmoja wa wanawake wa kwanza kubatizwa kijijini pale. Hakujua maneno matamu. Wengine walipokuwa wakisimama kanisani na kushuhudia mambo makubwa ambayo Mungu amewatendea, yeye alikaa kimya akichomoa miiba ya majani kwenye kanga yake. Nilikaa naye muda mrefu kabla sijajua kwamba alikuwa mtu wa kusali kuliko wengi niliowafahamu, kwa sababu sala zake hazikuwa na sauti na mara nyingi mikono yake ilikuwa kazini.

Mwaka mmoja, mvua zikiwa zimekatika tu, aliniita shambani twende tukachome majani kuzunguka nyumba na vihenge vya nafaka. Majani yalikuwa bado na ubichi. Moto ulitambaa kwa uvivu, moshi mwingi kuliko ndimi, na sisi tulitembea kando yake na matawi mabichi tukiuzima pale ulipotaka kwenda tusikotaka. Macho yaliniwasha nikachoka.

"Mama," nikasema, "si tungesubiri yakauke? Yangewaka mara moja tukamaliza."

"Yakikauka hutayachoma wewe," alijibu. "Yatakuchoma."

Mwezi wa tisa, pepo zilipoanza, moto wa wawindaji ulivuka kilima ukaja kwa kishindo upande wetu. Ulifika kwenye ule ukanda mweusi tuliouchoma ukakosa cha kula, ukageuka. Kihenge cha jirani yetu mmoja kiliteketea. Mama mkwe alijaza kikapu cha ulezi akampelekea, na sikumsikia akitaja kwamba yeye alichoma mapema.

Ndivyo alivyoishi na udhaifu wake pia. Alikuwa na ulimi mkali, naye alijua. Kila tulipoalikwa harusini, alipika ugali nyumbani asubuhi akala akashiba ndipo tukaenda. Nilidhani ni ulafi. Nilipomuuliza alisema, "Nikienda na njaa, nitasema nyama ni ngumu. Nikishasema nyama ni ngumu, nitasema na bibi harusi ni mvivu. Sasa nakwenda nimeshiba, naimba."

Kulikuwa na mwanamke mmoja ambaye waligombana zamani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Walikwisha kupatanishwa na wazee wa kanisa. Hata hivyo, mama mkwe hakukubali kukutana naye kisimani wakati wa jua kali, watu wakiwa wamechoka na foleni ni ndefu. Alikwenda mapema. Lakini Jumapili, wametulia, alikaa karibu naye makusudi na kumpa nusu ya mkeka wake.

Mwinjilisti wetu alipohubiri habari ya wale wanawali waliokosa mafuta ya taa zao, aliwasema sana. Njiani mama mkwe akaniambia, "Hawakuwa wabaya wale. Walimpenda bwana arusi kama wenzao. Walisahau tu kwamba anaweza kuchelewa." Akatembea hatua chache, kisha akaongeza, "Na mimi na wewe tunajua kuchelewa."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja mwanawe kwa muda mrefu.

Mwaka ule ule kanisa likaamua kuweka milango na mabenchi. Jengo lilikuwa la matofali mabichi, tulilolijenga wenyewe, na mlango ulikuwa mkeka wa matete. Wazee walimtafuta fundi seremala, akaja na sanduku lake la vifaa begani. Alikuwa mjane, mtu wa makamo, mpole, mwenye kikohozi kidogo cha vumbi la mbao. Wanawake wa kanisa tulipangiwa zamu za kumpikia.

Zamu yangu ya kwanza nilimkuta nyuma ya kanisa akipiga randa ubao wa mninga. Niliweka chakula kwenye kivuli, nikasema kwa Kiswahili, "Karibu chakula, fundi."

Alisimama, akaniangalia. Kisha akanijibu kwa Kindali.

Sijui nitaelezaje. Alisema neno la kawaida tu la kushukuru, ambalo mama yangu alikuwa akilisema mtu akimshushia mzigo wa kuni. Nilikaa juu ya gogo. Alikuwa ametambua lafudhi yangu. Yeye alikuwa wa Mbebe, si mbali na kwetu, na alipata kufanya kazi Ikinga akazijua njia zote, hata ule mteremko ambao punda hukataa kushuka. Akaniuliza kama ule mti mkubwa karibu na mto bado upo. Nikamwambia ulianguka nikiwa mtoto. Tulizungumza mpaka ugali ukapoa.

Nilirudi nyumbani nikiimba. Mama mkwe alinitazama, akaendelea kupembua maharage.

Baada ya hapo zamu yangu ilionekana kuchelewa kufika. Nilibadilishana na jirani aliyekuwa na mtoto mgonjwa, nikasema namsaidia, na kweli nilimsaidia. Nilianza kutia karanga kwenye mboga. Nilipaka mafuta miguuni kabla ya kwenda, ingawa njia ilikuwa na vumbi na mafuta hayakusaidia kitu. Fundi aliniita dada, nami nilimwita kaka, na hakuna neno baya lililosemwa kati yetu. Tulizungumza habari za ndizi za kwetu, za ukungu wa asubuhi, za jinsi mama zetu walivyotutukana kwa upendo. Siku moja aliacha randa, akasema, "Dada, tangu mke wangu afariki sijapata mtu wa kunichekesha kwa lugha yangu." Akageukia randa yake. Maranda yalianguka miguuni pake, meupe, yamejikunja, nami niliyatazama kwa sababu sikuweza kumtazama yeye.

Wakati huo binti wa mama mkwe, aliyeolewa huko bondeni Momba, alikuwa karibu kujifungua, na mama mkwe alijiandaa kwenda kukaa naye. Mimi ningebaki kulinda nyumba. Tena mzee wa kanisa alikuwa amesema kwamba mvua zikianza fundi atahitaji mahali pa kuweka mbao zisilowe, na kibanda kilichokuwa tupu kati ya kanisa na ua wetu kilikuwa cha kwetu.

Niliyasikia mambo yale mawili siku moja, nikayaweka pamoja kichwani, na nikaona vizuri kabisa kitakachotokea. Sikuona dhambi yoyote ya kutisha. Niliona jioni ya mvua, mbao zikiingizwa kibandani, na mimi nikisema, "Kaka, subiri mvua ipungue, uji uko motoni." Basi. Yaliyobaki yangekuja yenyewe.

Nilikwenda shambani kusali. Nikamwomba Mungu anilinde. Lakini nilipokuwa nasema hivyo nilikuwa najua kwamba kesho ni zamu ya mtu mwingine na kwamba nilikuwa nimekwisha kupanga namna ya kuichukua. Sala ikanikwama. Nilijiona kama mtu anayemwomba mlinzi asimame mlangoni huku mwenyewe amekwisha kutoa komeo. Nikakaa chini kwenye matuta. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba nilikuwa na furaha. Miaka yote ile sikuwa na furaha, na sasa nilipoipata, ilikuwa ndiyo hii.

Jioni, mama mkwe alipokuwa akifunga mzigo wake wa safari, nilikaa karibu na mlango.

"Mama, usiniache hapa peke yangu."

"Unaogopa nini? Hakuna simba siku hizi."

"Naogopa kibanda."

Aliacha kufunga. Sikumtazama. Nikamweleza yote, habari za zamu, za karanga, za mafuta ya miguuni. Nikamwambia kwamba hakuna kilichotokea, na kwamba nikibaki kitatokea. Nilisema kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipokwisha nilitumia Kinyiha changu kibovu, na pale hicho nacho kilipokwisha nililia tu.

Nilitegemea matusi. Yeye alikuwa mama wa mume wangu.

Aliketi juu ya mzigo wake, akauliza, "Mnazungumza nini?"

"Mambo ya kawaida, mama. Ndizi. Ukungu."

"Kwa lugha ya kwenu."

"Ndiyo."

"Na ukirudi hapa kwangu huna wa kuzungumza naye."

Nilifuta uso kwa kanga.

"Mwanangu," alisema, na hakuwa amewahi kuniita hivyo kabla, "umefanya vizuri kuniambia majani yakiwa mabichi. Kesho kutwa tutakwenda Momba wote. Shemeji yangu atalala hapa alinde. Hicho kibanda nitampa mzee wa kanisa ufunguo, mbao zikae na fundi akae, ni haki yake, ametufanyia kazi. Wewe hutakuwapo." Akafunga fundo la mzigo kwa nguvu. "Lakini hiyo ni kuziba njia tu. Njaa haizibiwi njia. Mtu mwenye njaa atapita hata dirishani. Njaa hupewa chakula."

Sikuelewa alimaanisha nini.

Kesho yake tulipeleka chakula cha fundi pamoja, mama mkwe na mimi. Fundi aliponiona alianza kunisalimu kwa Kindali, nami nikamjibu kwa Kiswahili. "Tunasafiri, fundi," nikasema. "Mimi na mama tunakwenda Momba. Hatujui tutarudi lini. Wanawake wengine watakuletea chakula."

Alimtazama mama mkwe, akanitazama mimi. Alikuwa mtu mwenye akili na mwenye kumcha Mungu, hakuhitaji kuelezwa. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Nimeelewa, mama," aliniambia kwa Kiswahili. "Safari njema."

Mpaka siku ile alikuwa ameniita dada. Lile neno "mama" lilikuwa la heshima, na lilikuwa mlango pia, naye aliufunga kwa upole kutoka upande wake. Nilimshukuru moyoni. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa mkavu kama ganda la hindi.

Safari ya kushuka Momba ni ndefu na joto huongezeka kadiri unavyoteremka. Tulipopumzika kwenye kivuli cha mawe, mama mkwe aliinua kibuyu cha maji akauliza, "Hiki kwenu mnakiitaje?"

Nilidhani anataka kukifunga. Nikampa kizibo.

"Sijakuomba kizibo. Nimeuliza kwenu kinaitwaje."

Nikamwambia. Akarudia, akakosea. Nikamwambia tena, akakosea kwa namna nyingine, mbaya zaidi, neno likawa na maana ya kitu ambacho mkwe hawezi kumtajia mkwe. Nilijizuia, nikashindwa, nikacheka mpaka nikaegemea jiwe. Yeye alinikazia macho.

"Nimesema nini?"

"Siwezi kukuambia, mama."

"Basi ni neno zuri, nitaliweka," alisema, naye akacheka, meno yake machache yakaonekana yote.

Aliendelea hivyo njia nzima. Jiwe. Kivuli. Jasho. Mguu unauma. Alijifunza kama alivyolima, bila haraka na bila aibu. Alikuwa mzee, ulimi ulikuwa umekwisha kukakamaa, na lafudhi yake haikupata kunyooka hadi mwisho. Lakini kule Momba, tukimwogesha mjukuu wake mchanga, alikuwa akiniita kwa Kindali nilete maji, na wifi yangu na jamaa zake walidhani bibi ameanza kuchanganyikiwa.

Tuliporudi mvua zilikuwa zimeshika. Milango ya kanisa ilikuwa imesimama, miwili, mizito, bawaba zimepakwa mafuta. Mzee wa kanisa alisema fundi aliharakisha kazi akaondoka mapema, akaacha mabenchi ya nyuma bila kuyalainisha kingo. Alikuwa ametuachia salamu, mama mkwe na mimi, kwa pamoja.

Jumapili ile nilikaa nyuma. Kanisa zima lilinukia mbao mpya. Niliimba na wenzangu, nikapokea baraka na wenzangu, na moyo wangu ulikuwa kama nyumba iliyohamwa. Watu husema ukifanya lililo sawa utapata amani. Mimi nilipata amani baadaye sana, na haikuja yote kwa pamoja. Nilichopata Jumapili ile kilikuwa kukosa aibu tu, nacho si kitu kidogo, ila hakikumbatii mtu.

Habari za mume wangu zilitufikia msimu uliofuata. Mwanamume mmoja wa ukoo, aliyerudi akiwa mgonjwa wa kifua, hakutaka kufa na maneno ya uongo. Alisema mume wangu yu mzima, ana nyumba huko, ana mke wa Kibemba na watoto. Alisema hayo akiwa amekaa kwenye kigoda chetu, mama mkwe akimshikia kikombe cha uji kwa sababu mikono yake ilitetemeka. Mama mkwe hakuondoa kikombe. Alisubiri amalize kunywa.

Kwa siku nyingi sikusema na mtu. Mama mkwe alipika, akanisogezea chakula, akatoa bakuli likiwa limejaa. Jioni moja nilimwambia kwa Kindali, kwa hasira, bila kujali kama ataelewa, "Nimelinda nyumba tupu. Miaka yote hii. Yule fundi alikuwa mtu mwema, nami nilimkimbia kwa ajili ya nyumba tupu."

Alitafuta maneno. Alikuwa akiyatafuta kama mtu anayepapasa sindano sakafuni. Akajibu kwa Kindali chake kibovu:

"Nyumba haikuwa tupu. Wewe ulikuwamo."

Nililivuta bakuli nikala.

Mzee wa kanisa aliniambia kwamba baada ya habari ile hakuna atakayenilaumu nikirudi Ikinga. Nilifikiri sana. Lakini miguu ya mama mkwe ilikuwa imeanza kuvimba, na binti yake alikuwa mbali. Nikabaki. Fundi nilisikia ameoa kwao Mbebe, mwanamke mjane mwenye watoto. Nilifurahi, jinsi mtu anavyofurahi kuona mvua ikinyesha kwenye shamba la mwenzake.

Jambo moja nilijua: siku moja mume wangu atarudi, kwa sababu mama yake atakufa na watoto wa kiume hurudi kuzika, hata wakichelewa. Nilijua pia hasira yangu. Ilikuwa imelala, haikuwa imekufa. Basi nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikiwa nimetulia, nikipalilia, nilipanga nitakachofanya. Sitasema naye neno kabla hajala. Sitakaa naye peke yangu; mjomba wake atakuwapo. Sitamuuliza habari za yule mwanamke mbele ya watu. Na nilimwomba Mungu, kila mara nilipokumbuka, aniwekee akiba ya huruma, kwa sababu nilijua siku ile ikifika sitakuwa na nguvu ya kuitafuta.

Mama mkwe alifariki wakati wa mavuno. Siku zake za mwisho alichanganya Kinyiha na Kindali, na ni mimi peke yangu niliyeelewa yote. Mume wangu alifika msiba ukiwa karibu kuisha. Alikuwa amenenepa, nywele zimekuwa na mvi pembeni. Alisimama uani, hajui akae wapi, mgeni kwenye nyumba aliyozaliwa.

Hasira iliamka, kama nilivyojua itaamka. Nikaingia jikoni, nikasonga ugali, kwa sababu hilo ndilo nililokuwa nimepanga, na mwili unaweza kufuata mpango hata moyo ukikataa. Nilimwekea chakula yeye na mjomba wake, nikawanawisha mikono. Mume wangu alikula kidogo. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Mama alisema nini mwishoni?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya msamaha. Yote yalipotea. Nikasema ukweli tu.

"Aliuliza kama tumekula."

Aliweka tonge chini akalia kwa sauti, mbele ya mjomba wake, na mimi nilipomtazama nikaona mtoto wa yule bibi. Baadaye, mjomba akiwapo, aliniomba msamaha. Nikamwambia nimemsamehe. Sikuwa nimehisi hivyo bado, ila nilijua ndiko ninakokwenda, na nilifika, ingawa kwa miguu. Alikubali mbele ya wazee kwamba nyumba na shamba vibaki kwangu. Akarudi kwa watoto wake, nami sikumzuia.

Nimeishi Ruanda tangu wakati huo. Wanaume waliendelea kwenda migodini, na wake zao wakaanza kuja kwangu, mmoja mmoja, kwa visingizio vya kuomba moto au chumvi. Sikuwaambia wasali tu; kusali walikwisha kusali. Niliwauliza saa ipi ya siku ni ngumu kwao. Mmoja, msichana mwembamba aliyeolewa kutoka mbali, alifikiri akasema, "Jioni, moshi ukianza kutoka kwenye nyumba za watu."

"Basi jioni usiwashe moto kwako," nikamwambia. "Lete unga wako hapa."

Alileta. Tulipika chungu kimoja misimu kadhaa, tukasali pamoja baada ya kula, kila mtu kwa lugha yake. Kisha mumewe akarudi, kweli kabisa, mzima, na bati la biskuti mkononi. Walikuja wote wawili kunisalimu na kunishukuru. Niliwasindikiza mpaka njia panda, nikawaombea, nikarudi. Jua lilikuwa bado linaonekana, na moshi haujaanza kutoka kwenye nyumba za watu. Nilipima unga wa mtu mmoja, nikawasha moto.